Kofia ya Chuma ya Fundi Baiskeli

Siku ya kumzika, msoma wasifu alisema marehemu alikuwa shujaa wa vita aliyenusurika risasi ya kichwa. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa kwenye safu ya walimu, kiti cha tatu kutoka mbele, na maneno yale niliyajua vizuri kwa sababu niliyatunga mimi mwenyewe nikayaandika kwenye manila nyeupe kwa kalamu ya wino mzito. Hayakuwa ya kweli. Nilikuwa nimeshajua kwamba si ya kweli, na sikusimama kuyasahihisha. Kwa hiyo haya mnayoyasoma yanasemwa na mtu aliyechelewa.

Tulimwita Fundi. Kamachumu kwetu ina mafundi wengi, wa cherehani, wa ujenzi, wa redio, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtaja yule wa baiskeli. Kibanda chake cha mabati kilikuwa pale njia ya shuleni inapoachana na ya sokoni. Nilimkuta hapo nikiwa darasa la pili, na nilirudi kumkuta hapohapo nikiwa mwalimu wa Historia, mwenye miwani na mkoba na maneno mengi.

Kila fundi wa pancha ana karai la maji. Anajaza upepo kwenye tyubu, anaizamisha, anaizungusha kidogokidogo, na penye tundu mapovu yanapanda. Karai la Fundi lilikuwa kofia ya chuma ya askari, imewekwa kichwa chini juu ya mafiga matatu kama chungu cha maharage. Asubuhi za ukungu, na kwetu ukungu haukawii kuingia, ungemkuta amejikunyata na koti lake, mikono ndani ya ile kofia, anatazama maji kwa makini kuliko daktari anavyotazama mgonjwa.

Kofia yenyewe ilikuwa na tundu upande wa mbele. Fundi aliliziba kwa kiraka cha tyubu nyeusi, ndani na nje, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda. Kila mwaka senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanza kuanguka alikipiga msasa kiraka cha zamani, akapaka gundi ya solusheni, akabandika kingine juu yake. Hakupenda kuzungumzishwa akiwa kwenye kazi hiyo. Tulidhani ni mambo ya ufundi tu, kwamba karai linalovuja halifai.

"Fundi, hii kofia uliitoa wapi?" tulimuuliza watoto wote, kizazi baada ya kizazi.

Majibu yake hayakuwahi kufanana. Mara aliiokota kwenye senene. Mara alibadilishana na mkungu wa ndizi. Mimi nilipomuuliza, nikiwa na miaka kama kumi na mbili, alinijibu, "Mwenyewe yuko njiani anaifuata. Akija mwambie asubiri zamu yake." Nilicheka mpaka nyumbani. Huo ndio uliokuwa utani wake, mkavu, na hakucheka yeye mwenyewe.

Wakubwa walijua kwamba alikwenda vitani. Alikuwa mgambo, kijana, akachukuliwa na wenzake wakati ule adui alipovuka mpaka kuingia kwetu, akarudi mzima. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Wengine waliokwenda walikaa vilabuni wakielezea vita kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kadiri mtungi ulivyopungua ndivyo maadui walivyoongezeka. Fundi alikunywa pamoja nao na kuwasikiliza mpaka mwisho. Ikifika kwake alisema, "Mimi nilibeba masanduku," kisha anaaga.

Kama kuna kitu kilichowachosha watu kwa Fundi, ni zamu. Pale kibandani kulikuwa na benchi, na aliyefika kwanza alikaa karibu na kofia, wengine wakafuatia. Usingeweza kupenya, hata ungekuwa nani. Hilo watu walilikubali. Lililowashinda ni kwamba hata kumpisha mwenzako hakukuruhusu. Siku moja Paroko alikuja anasukuma pikipiki yake, gurudumu la nyuma limelala, na kijana muuza mikate akainuka kwenye benchi.

"Padri atangulie, mimi nitasubiri."

"Nani amefika kwanza?" Fundi akauliza bila kuinua kichwa.

"Mimi. Lakini nampa zamu yangu."

"Zamu haigawiwi. Kaa."

"Fundi, si nimeridhia mwenyewe?"

"Umeridhia leo. Kaa chini."

Paroko akacheka, akakaa mwisho wa benchi. Mimi sikucheka yaliponipata. Nilikuwa kidato cha pili, asubuhi ya mtihani, cheni imekatika. Mama mmoja mwenye mikungu ya ndizi kwenye baiskeli akanionea huruma, akasema nitangulie. Fundi akakataa katakata. Nililia pale mbele yake, naye akaendelea na tyubu ya yule mama, polepole, kana kwamba mimi ni nzi. Nilifika shuleni nimechelewa, nikachapwa. Nilimchukia wiki nzima, na nafikiri chembe ya chuki ile ilibaki hadi ukubwani, ndiyo maana baadaye haikuniwia vigumu kumfanyia nilichomfanyia.

Nisimpake matope. Baiskeli za wanafunzi wa kike alizitengeneza bure mpaka muhula uishe, na mzazi akija kushukuru alimfukuza. Lakini mtu huyohuyo alikuwa bahili wa solusheni kupita kiasi, akifunga kichupa chake kama dawa ya macho, na aliwahi kugombana na jirani yake nusu mwaka kwa ajili ya spoki moja. Mke wake alimpenda. Kila msimu wa senene mama yule alimkusanyia gunia zima, na yeye akamnunulia kitenge, kama wazee wetu walivyofanya, ingawa siku hizi wanaume wengi wanakula senene na kusahau kitenge.

Sasa kuna habari ya Kimwani. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, Fundi alifunga kibanda, akafunga jembe kwenye baiskeli, akateremka kwenda Kimwani, huko chini kabisa mwa wilaya. Ni safari ya kutoa jasho siku nzima, kurudi ni kupanda milima. Alikaa siku nne, tano. Hakuwa na ndugu huko, na kila mtu aliujua ukoo wake.

Kijiji kikajijibu chenyewe. Fundi ana mke mdogo Kimwani. Kisimani wanawake walimuuliza mke wake, "Mwenzako hajambo?" naye alijibu, "Amekwenda kulima," nao wakazidi kucheka. Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, na wakati wa komunyo hakuwahi kwenda mbele, hata Pasaka. Hiyo nayo ikaelezwa na mke wa Kimwani. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, niliisimulia ofisini kwa walimu wageni kama kichekesho cha kuwakaribisha. Niliigiza hata alivyokuwa akipanda baiskeli na jembe lake. Nikikumbuka hivyo vicheko natamani ardhi inifiche.

Basi nifike kwangu.

Shule yetu iliandaa siku ya wazazi, na mkuu wa shule akanipa chumba kimoja nitengeneze maonyesho ya historia. Nikaamua yawe ya vita. Wanafunzi wakaleta walivyovikuta majumbani, vitu vilivyookotwa zamani na kugeuzwa vyombo. Sanduku la risasi lililokuwa linawekwa mahindi ya mbegu. Chupa ya maji ya askari iliyokuwa ya mafuta ya taa. Mabaki ya mkanda. Vilikuwa vizuri, lakini havikuwa na kitu cha kumfanya mgeni asimame. Mimi nilijua ni kipi.

Nilimwomba Fundi kofia. Akasema, "Nitazibia nini pancha?" Nikamwambia nitamnunulia karai jipya. Akasema hapana. Niliporudi mara ya pili aliniambia, "Mwalimu, hicho si cha kuonyesha watu," na akanigeuzia mgongo.

Wiki moja kabla ya sherehe alikwenda Bukoba kutibiwa jicho. Nikaenda nyumbani kwake. Mke wake akanikaribisha, akanitolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, nikatafuna kama mgeni mwema. Kisha nikamwambia nimekuja kuchukua kofia.

"Mwenyewe hayupo, Mwalimu."

"Najua. Tumeshazungumza naye, amekubali."

Ulikuwa uongo mtupu, na niliusema huku kahawa yake iko mdomoni mwangu. Akanitazama kidogo. Mimi ni mwalimu, nilifundisha wanawe wawili. Akaingia ndani, akaitoa imefunikwa na gunia.

Shuleni niliiosha. Kisha nikatazama kile kiraka, nikaona kinaniharibia. Wageni wataona karai bovu, hawataona risasi. Nikachukua wembe, nikaanza kukwangua. Viraka vilikuwa vimepandana, kimoja juu ya kingine, na vya chini vilikuwa vimekakamaa. Nilikaa navyo jioni nzima, na petroli na kitambaa. Chuma kilipotokea, mwanga wa dirishani ukapenya kwenye tundu, na wanafunzi walionizunguka wakasema "aah". Nilijisikia fahari. Nikaandika kwenye manila: KOFIA YA SHUJAA WETU. RISASI ILIPITA, YEYE AKABAKI. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Nilijumlisha mwenyewe kwamba kofia yake, tundu la risasi, na yeye mzima vinatosha.

Fundi alirudi siku yenyewe ya sherehe. Niliwatuma wanafunzi wampokee kituoni wamlete moja kwa moja, awe mgeni wa heshima. Alikuja na bandeji kwenye jicho moja na mfuko wa plastiki wa nguo. Nikampitisha kwenye chumba changu. Kofia ilikuwa mezani juu ya kitambaa chekundu. Aliinama, akachungulia kwa jicho lake zima kwenye lile tundu, akabaki ameinama muda mrefu mpaka nikamshika mkono, maana wageni walikuwa wanasubiri nje.

Jukwaani niliinua kofia juu, nikasoma maneno yangu. Nikamvika blanketi jipya begani. Nikamsogezea kipaza sauti.

"Si mimi," alisema.

Watu wakageuza shingo kumtazama.

"Si mimi niliyekuwa nimeivaa. Zamu ilikuwa—"

Nikakirudisha kipaza sauti kwangu. Nilidhani anaona haya, kama wazee wengi wakipewa sifa. Nikasema kwa sauti yangu ya jukwaani, "Mnaona jinsi wazee wetu walivyo wanyenyekevu." Watu wakacheka, wakapiga makofi, skauti wakapiga ngoma. Kwa muda wa ngoma zile alisimama pale na blanketi lake, mdomo umefunguka kidogo. Nina picha ya wakati ule kwenye simu, yeye na kofia, niliyoisambaza kwa watu siku ileile. Sijaifuta na siifungui.

Kuanzia siku hiyo watoto walimwita Shujaa. Walipita kibandani wakimpigia saluti, naye akawa anaingia ndani. Baada ya wiki mbili kibanda kikafungwa. Kofia nilikuwa nimeifungia kwenye kabati la vioo ofisini, nikisubiri eti mkuu wa wilaya aje aione. Mke wake ndiye aliyekuja, kwa miguu, akasimama mlangoni mwa ofisi mbele ya walimu wenzangu.

"Mwalimu, uliniambia mmeshazungumza," alisema. Akageuka, akaondoka.

Kesho yake niliirudisha. Fundi alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, anatandaza nyasi kwenye mashina ya migomba. Akaipokea, akaiweka kichwa chini, akachota maji kwa kopo, akamimina. Maji yakatokea tunduni, yakamwagikia miguu yake na viatu vyangu. Akatazama mpaka yakaisha.

"Tulikuwa wawili," akasema. "Mimi na rafiki yangu wa Kimwani. Kofia hii tuliiokota kwenye handaki walilolikimbia adui, tukasema tutaivaa kwa zamu. Anayekwenda kuchota maji mtoni ndiye anayevaa. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nikamwambia nina homa."

"Ulikuwa na homa?"

"Sikuwa nayo. Niliogopa. Alinishika paji la uso, akaona halina moto, akajua. Akasema, leta, nitakwenda mimi. Nikampa."

Nilishindwa kumtazama. Nikatazama viatu vyangu.

"Mama yake nilimwambia alikufa kwa homa ya tumbo. Kitandani, na padri akampaka mafuta. Ndilo lililonijia. Ningemwambia nini?"

"Na kule Kimwani unakokwenda kulima—"

"Kwake huyo mama. Mtoto wake alikuwa huyo mmoja tu." Akaifuta kofia kwa shati lake. "Sasa ile picha yako imeshafika Kimwani kwenye simu za watu. Kuna wajukuu wa ukoo wameiona, wataanza kumuuliza. Mwenzangu aliivaa kofia hii hapo kijijini siku tulipopata ruhusa ya kuaga kabla ya kuvuka mpaka, mama aliiona kwa macho yake. Akiambiwa ina tundu la risasi atajua. Bora asikie kwangu. Jumamosi twende wote."

"Mimi nikafanye nini?"

"Wewe unaweza kusema mbele za watu. Mimi kunanishinda."

Jumamosi tukapanda gari mpaka Muleba mjini, tukabadilisha. Alipakata kofia kwenye kiroba. Njia nzima nilipanga maneno yangu. Nitamwambia yule mama kwamba nilidanganya nikaichukua, nikakwangua kiraka, nikamfunga mdomo Fundi alipotaka kusema kweli. Niliyapanga vizuri, na mwanzo na mwisho, kama somo.

Tulimkuta uani kwenye mkeka, mzee sana, mwembamba, anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akanisogezea mahindi, nikaanza kumsaidia, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Fundi hakukaa kwenye kigoda alichotolewa. Alipiga magoti na yeye, jambo ambalo mwanamume kwetu hafanyi ovyo, akaitoa kofia akaiweka kwenye mkeka kati yao.

Alimwambia yote kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, bila kuruka kitu. Hakunihitaji kabisa. Mama yule aliacha kupukuchua.

"Kwa hiyo padri hakuwepo," alisema.

"Hakuwepo, Mama."

"Wala kitanda."

"Hapakuwa na kitanda."

Akaichukua kofia, akaigeuza. Akapapasa mpaka akalipata tundu, akaingiza ncha ya kidole. Kuku walikuja kudonoa mahindi, hakuna aliyewafukuza.

"Miaka yote hii unanilimia," akasema. "Nilikuwa nawaambia watu, mwanangu amekufa lakini Mungu amenipa mwingine, ananipenda bure."

Fundi alilia. Sikuwahi kumwona akilia, na alilia vibaya, kwa sauti, kama asiyejua inavyofanywa. "Nilianza kwa aibu, Mama," alisema. "Baadaye nilikuwa nakuja tu."

Mama alikaa na kofia mapajani, akiifuta kwa ncha ya kitenge chake. Kidole chake kikasimama pembeni mwa tundu, pale gundi ilipoacha duara ambalo petroli yangu haikulimaliza. Macho yake hayakuona vizuri lakini mikono iliona.

"Hapa palikuwa na kitu kimebandikwa," alisema.

"Kiraka," Fundi akasema. "Nilikuwa nimepaziba."

"Nani amekitoa?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwepo. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa goti. Fundi alinitazama kwa jicho lake moja, akasubiri, na nina hakika alisubiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kuingilia zamu ya mtu. Nilifungua mdomo. Nikamwona mama yule ananigeukia, nikaogopa.

Fundi akashusha macho. "Kilichakaa chenyewe, Mama," alisema.

Nami nikainama, nikaendelea kupukuchua mahindi.